Mbegu Zilizongoja Mtandao

Mama alikufa kabla ya mvua ndefu kuanza. Tulimzika upande wa kushoto wa nyumba yake, kama anavyozikwa mke kwetu Nyakach. Baba yuko upande wa kulia tangu zamani. Mimi ni kitinda mimba, na kwetu kitinda mimba ndiye hubaki na nyumba ya mama. Kwa hiyo nilibaki na nyumba na kila kilichokuwa ndani yake, pamoja na kompyuta.

Kompyuta ilinunuliwa na kaka mkubwa, anayefanya kazi katika ghala huko Kanada. Aliinunua macho ya mama yalipochoka, akawa haoni tena uso wa mtu kwenye simu. Kampuni moja ya mjini ikafunga sahani ndogo juu ya bati, ikielekea mnara ulio upande wa Katito. Waya ukashuka kutoka kwenye sahani hadi kwenye kisanduku chenye pembe mbili kiitwacho ruta, kilichopigiliwa kwenye ukuta wa kushoto wa sebule. Kila Jumapili mama alifunga kitambaa kichwani kama mtu anayekwenda kanisani, akakaa mbele ya kompyuta, akamwambia kaka kwamba amekonda. Kaka hakuwa amekonda.

Nilisoma mpaka kidato cha pili. Ninalisema hili mapema ili anayejua kompyuta asitegemee makubwa.

Katika boma letu hakuna anayepanda kabla ya mkubwa wake. Mama ndiye aliyekuwa akifungua kupanda. Aliteremsha mbegu zilizokuwa zimening'inizwa juu ya meko, akaziangusha ardhini asubuhi, akarudi ndani kunywa uji. Baada ya hapo ndipo sisi wanawe tulipofuata, wa kwanza, wa pili, halafu mimi. Kaka mkubwa alipokwenda ng'ambo, mama alisema tu, "Nimepanda na kipande cha mkubwa wenu," na hakuna aliyebishana naye. Sasa mama hayuko, na kufungua kulikuwa kumemwangukia kaka mkubwa, ambaye alikuwa amemaliza likizo yake yote kwenye mazishi.

Mvua ya kwanza ikanyesha. Ya pili ikanyesha. Udongo wetu ni ule mweusi. Ukilowa kiasi unapandika, ukikauka unapasuka, ukilowa sana hata ng'ombe hawapiti. Siku za kupanda ni chache, na majirani walikuwa wameshaanza. Mke wangu alikuwa akisimama mlangoni asubuhi, jembe mkononi, akitazama mashamba ya watu.

"Baba watoto," aliniambia, "mwaka huu tutakula nini? Tutakula heshima?"

Nikaenda kwa baba mdogo, ndugu wa mwisho wa marehemu baba, ambaye ndiye mzee wa boma. Nilimuuliza kama kaka angeweza kutuma neno lake limerekodiwa.

"Rekodi ni kitu kilichokwisha," alisema. "Mtu hafungui shamba na kitu kilichokwisha. Lakini akisema mwenyewe, wakati huo huo, na mimi nikaziangusha mbegu kwa niaba yake wakati huo huo, hiyo naweza kuisimamia mbele ya watu."

Basi tukapanga iwe Jumamosi, saa nne asubuhi, saa ambayo kaka anakuwa ametoka zamu ya jioni kule kwao. Simu hazikufaa. Kwetu mawimbi ya simu ni ya kubahatisha, na bando huisha kabla ya salamu kwisha. Niliweka spika za kompyuta juu ya dirisha. Kipande cha shamba cha kaka mkubwa kiko chini ya dirisha hilo. Baba mdogo alisimama pale akiwa amevua kofia, mbegu kiganjani. Kaka wa pili, anayeuza tairi Nakuru, naye alikuwa kwenye kioo, katika dirisha lake dogo, shati limepigwa pasi.

Kaka mkubwa akaanza. "Mimi, mtoto wa kwanza wa nyumba hii," akasema, kisha uso wake ukasimama na mdomo wazi.

Tukangoja. Sauti iliyofuata ilitoka Nakuru. "Haya, pandeni, na mimi wa pili nafuata."

Kwa masikio ya baba mdogo sauti za ndugu hawa wawili ni moja. Akaachia mbegu.

Ndipo uso wa kaka mkubwa ukatingishika, ukarudi. "...kwa hiyo nasema pandeni. Halo? Mnanisikia?"

Baba mdogo alitazama dirishani. "Nyathina, nani amesema kwanza?"

Aliniita mtoto wake, na aliniuliza swali ambalo ningeweza kulijibu kwa njia mbili. "Wa pili, baba," nikasema.

"Basi mbegu hii imeanguka kwa neno la mdogo. Itolewe."

Kaka wa pili, ambaye alisikia yote kutoka Nakuru bila kukatika hata kidogo, akaanza kucheka. "Kumbe sasa mimi ndiye mkubwa! Niwekeeni firigisi, nyama ya mkubwa!"

"Wewe nyamaza," baba mdogo akaliambia dirisha.

Tulipiga magoti, mimi na mke wangu, tukatafuta mahindi kwenye udongo mweusi. Tulipata karibu yote. Moja lilikuwa limeshaliwa na kuku tulipofika.

"Na huyu kuku," mke wangu aliuliza, "sasa ni wa cheo gani hapa nyumbani?"

Baba mdogo alivaa kofia yake. Alisema tengeneza hiyo mashine kwanza, kaka yako asikike kwa zamu yake, ndipo mniite. Akaenda zake.

Hivyo ndivyo nilivyojikuta ninatengeneza mtandao katika msimu wa kupanda.

Kaka mkubwa alinifundisha kwa ujumbe. "Omera, ndugu yangu," aliandika, "usiangalie kasi, kasi ni nzuri. Angalia kuchelewa." Alinionyesha jinsi ya kufungua ukurasa mweusi na kuandika amri ambayo hutuma kipande kidogo cha neno kwenye mashine ya mbali, kisha huhesabu kinachukua muda gani kurudi. Muda wenyewe ni vipande elfu vya sekunde, vitu ambavyo mtu hawezi kuvihisi. Lakini vikiwa vingi unavihisi.

Niliandika. Ikajibu thelathini. Thelathini na moja. Thelathini. Mia nane. Elfu moja na mia tatu. Halafu ikasema hakuna kilichorudi. Halafu thelathini tena, kana kwamba hakuna kilichotokea.

Nilizima ruta, nikaiwasha. Ikatulia kwa muda wa kunywa kikombe cha chai, ikaanza tena.

Kaka akasema nipime njia kipande kwa kipande. Nikatuma neno kwenye ruta yenyewe, iliyo hatua chache kutoka kwenye kompyuta. Hapo pia hesabu ziliruka. Nikaona basi ubaya uko hewani, katikati ya sebule. Niliondoa saa ya ukutani. Niliondoa redio. Nilisukuma kabati la vyombo, la chuma, ambalo mama hakuwahi kukubali lisogezwe, na nyuma yake nikakuta kijiko tulichokuwa tumemshtaki binamu kwamba amekiiba. Hesabu ziliendelea kuruka.

Nikaenda Katito kununua waya, nikaunganisha kompyuta na ruta bila kupitia hewani. Sasa kutoka hapa hadi kwenye ruta ilikuwa moja, moja, moja, kama ng'ombe anayecheua. Nilifurahi. Nikatuma neno nje. Thelathini, mia sita, elfu mbili. Nilikuwa nimetengeneza sehemu ambayo haikuwa na shida kubwa.

Nikashuku upepo wa ziwa, kwamba unatikisa sahani. Nilisimama nje nikiangalia bati huku mke wangu akinisomea hesabu kupitia dirisha. Upepo ulipovuma hesabu zilitulia mara nyingine, na upepo ulipolala ziliruka. Kitu kimoja tu nilikigundua. Alfajiri kila kitu kilikuwa shwari, na shida ilianza jua likishapanda. Nikafikiri ni umande.

"Mtandao hupenda baridi?" nilimwandikia kaka.

"Hapana," alijibu.

Wakati huo wote nyumba ilikuwa na watu. Hili lilinifariji, na nitalieleza kama lilivyokuwa. Kwetu matanga yakiisha watu hupungua. Safari hii hawakupungua. Kila siku, jua likishapanda, walikuja. Mama mmoja anayeuza omena, dagaa wa ziwani, alikuja na beseni lake, akaliweka chini, akakaa. Mzee mmoja jirani, aliyekuwa akisali kanisa moja na mama, alikuja na kiti chake mwenyewe. Vijana wa bodaboda waliegesha pikipiki nje ya ua. Wote walikaa upande wa kushoto wa nyumba, kwenye kivuli cha ukuta, mkabala na kaburi la mama. Walikaa kimya, vichwa wameviinamisha. Simu niliziona. Siku hizi hata mtu anayelia hushika simu, sikuona neno.

Mke wangu aliwapikia chai. "Hawa watu wanamlilia mama," aliniuliza siku moja, "ama wanalilia sukari?"

Nilimwambia asiseme hivyo. Jioni nilimwandikia kaka mkubwa, watu bado wanakuja, hawajamsahau. Alijibu kwamba neno hilo limemsaidia kulala.

Kampuni ikamtuma fundi. Alikuwa msichana mwenye ngazi na kompyuta ya kukunja. Alipanda juu ya bati, akashuka, akasema sahani iko sawa na mnara unaonekana vizuri. Kisha akaingia sebuleni, akachomoa kwenye ruta ule waya unaotoka juu, akauchomeka kwenye kompyuta yake. Hesabu zikaja thelathini, thelathini, thelathini, hakuna hata moja iliyoruka.

"Huku kwetu ni safi, mzee," alisema. "Tatizo linaanzia kwa ruta yako kuja ndani."

Kabla sijajibu, sauti ikatoka nje, nyuma ya ukuta.

"Imeenda!"

"Hata yangu imeenda."

"Zima uwashe."

"Nimezima nimewasha, haiko!"

Kichwa cha mzee jirani kikatokea dirishani. "Bwana," aliniambia kwa upole, "mtandao umeenda wapi? Mhubiri alikuwa anafika mahali pazuri."

Fundi alinitazama. Mimi nilitazama ruta, ukuta ilipopigiliwa, kisha dirisha. Ukuta ulikuwa ule wa kushoto.

"Hao ni kina nani?" fundi aliuliza.

"Ni waombolezaji," nikasema.

"Wanaomboleza na paswadi yako?"

Ndipo nikakumbuka. Siku ya mazishi, vijana wa kupiga picha walitaka mtandao ili walio mbali waone. Mshereheshaji alinijia, nikampa neno la siri, naye akalitangaza kwenye kipaza sauti, mara mbili, katikati ya wimbo wa wageni na hotuba ya wakwe. Watu wote wa Nyakach waliokuwa na masikio walilipata.

Fundi hakucheka, na ninamshukuru. Alinieleza kwamba njia ya kutoka hapa kwenda juu ni nyembamba. Mtu mmoja pale nje akituma video ya pikipiki yake, inajaza njia kama lori, na neno dogo la mwingine linakaa nyuma likingoja. Lori likipita, thelathini. Lori likija lingine, elfu mbili. "Badilisha paswadi," alisema. "Haichukui muda. Nikubadilishie?"

Nilisema aache kwanza. Alirudisha waya kwenye ruta, na nje wakashangilia.

Mke wangu alikuwa amesikia yote kutoka jikoni. Aliingia akiwa bado ameshika mwiko.

"Badilisha," alisema.

"Nikibadilisha hawatakuja."

"Si ndiyo maana ya kubadilisha?"

Nilimwambia kwamba nilikuwa nimeshazoea kuwaona wamekaa karibu naye. Akarudi jikoni, na nilisikia akiweka maji ya chai, mengi kama kawaida.

Mawingu yalikuwa yamefunguka siku hizo na udongo ulikuwa unaanza kushika. Nilipiga teke bonge moja kwenye kipande changu na halikuvunjika vizuri. Ilibidi jambo limalizwe.

Nilianza na kaka mkubwa, kwa sababu yeye ndiye niliyemwambia watu hawajamsahau mama. Nilimpigia alfajiri, njia ikiwa wazi na yeye akiwa kwenye mapumziko ya zamu, nikamweleza wanakuja kwa nini.

"Hata yule mzee wa kanisa?"

"Hasa yeye. Anasikiliza mahubiri."

"Na mama wa omena?"

"Anapokea oda za wateja wa Kisumu."

Akacheka, kisha akakohoa, kisha akasema ni sawa.

Walipofika siku hiyo nilitoka nje na kusimama mbele yao. Sijui kuzungusha maneno. Nilisema kwamba kesho saa nne kaka yetu mkubwa anafungua kupanda kwa njia ya kompyuta, kwamba safari iliyopita neno lake lilicheleweshwa hadi la mdogo wake likatangulia, na kwamba aliyelichelewesha ni wao.

"Unataka kusema," mzee jirani alisema polepole, "sisi tumekuwa tukija hapa kwa ajili ya mtandao?"

"Ndiyo, mzee."

Alitazama simu yake, akaigeuza uso chini gotini. Kijana mmoja wa bodaboda akaanza kucheka, mwenzake akamkanyaga mguu.

"Mimi nitasema ukweli," mama wa omena alisema. "Siku ya kwanza nilikuja kwa sababu ya mama yako. Alikuwa mteja wangu, na alikuwa ananiambia omena yangu ina mchanga, na ilikuwa na mchanga. Siku ya pili nilikuja kwa sababu ya mtandao. Siku zingine hata mimi sijui. Sasa unataka tufanye nini?"

"Mzime simu kesho, kuanzia saa nne mpaka baba mdogo avae kofia."

"Hiyo tu?" akauliza kijana aliyekuwa akicheka. "Mimi nilidhani unatufukuza."

Kesho yake nilidhani hawatakuja, kwa kuwa hapakuwa na kitu cha kujia. Walikuja karibu wote. Walikaa kwenye kivuli chao, simu zimezimwa, mikono imekaa kwenye mapaja bila kazi. Mzee jirani alikuwa amevaa koti. Baba mdogo alifika, akawatazama, hakuuliza. Aliingia katika kipande cha kaka mkubwa chini ya dirisha, akavua kofia, akamimina mbegu kiganjani.

Ndani, nilifungua ule ukurasa mweusi pembeni mwa nyuso za ndugu zangu. Thelathini. Thelathini. Thelathini na moja.

Kaka mkubwa alikuwa bado amevaa jaketi la kazi. "Mimi, mtoto wa kwanza wa nyumba hii," akasema. "Baba hayupo. Na mama..."

Akanyamaza. Uso wake ulisimama kwenye kioo, mdomo wazi kidogo.

Huko Nakuru, kaka wa pili aliziba mdomo wake kwa kiganja, kwa kuogopa kutangulia tena.

"Imekwama?" baba mdogo aliuliza kutoka nje. Mkono wake ulikuwa umefumbwa juu ya mbegu. "Nyathina, imekwama tena?"

Nilitazama ukurasa mweusi. Thelathini. Thelathini. Thelathini. Kila neno lilikuwa linakwenda na kurudi. Hakuna kilichokuwa njiani.

"Haijakwama, baba," nikasema. "Ni yeye."

Baba mdogo akaelewa. Aliinamisha kichwa akangoja, na kule kwenye kivuli wakangoja. Hakuna aliyekuwa na kitu cha kutazama isipokuwa kaburi na shamba. Mama wa omena alijifuta uso kwa ncha ya leso. Ilichukua muda. Sikuupima.

Kisha jaketi likasogea. Kaka alipangusa pua kwa mkono wake. "Mama alisema anapanda na cha kwangu," alisema. "Sasa nasema mwenyewe. Pandeni."

Baba mdogo akafungua mkono.

Kaka wa pili aliondoa kiganja mdomoni, akasubiri baba mdogo asukume udongo kwa kisigino, ndipo akasema, taratibu kuliko nilivyowahi kumsikia akisema kitu, kwamba na yeye wa pili anafuata. Baba mdogo akahamia kipande cha pili. Mke wangu alikuwa ameshafika kwenye chetu. Alikuwa amesimama na jembe, mguu mmoja ndani ya mstari, akinitazama dirishani kwa jicho la mtu anayeweza kuanza bila mimi.

Nilitoka nje. Baba mdogo alivaa kofia yake.

"Bwana," mzee jirani aliniita kutoka kwenye kivuli, na aliinua simu yake kidogo kutoka gotini, haraka kidogo kuliko alivyokusudia. "Sasa tunaweza kuwasha?"

Nilimwambia awashe. Nikachukua mbegu mkononi mwa mke wangu, nikaanza upande wa chini, ambako udongo ulikuwa bado una maji.